Pumziko Letu na Mikono ya Wengine

Katika vyama vya akina mama na katika mabaraza ya wazee wa sharika liko neno ambalo limeulizwa mara nyingi miaka hii, nalo huulizwa kwa njia mbili. Wengine huuliza, "Je, yafaa mtu atumie fedha yake kwenda kupumzika mahali pa mbali, kama vile Unguja, hali jirani yake hana paa zuri?" Wengine huuliza neno lionekanalo dogo zaidi, "Mbona kazi za kufuma za akina mama haziwapatii kitu?" Maswali haya huonekana kuwa mbalimbali, moja la bahari na moja la uzi. Lakini tukiyatazama vizuri tutaona ya kuwa ni ndugu, tena wa tumbo moja. Yote mawili yauliza juu ya saa za mwanadamu: ni nani aliye na haki ya kupumzika, na saa za mtu atumiaye mikono yake zina bei gani? Basi tulifikiri neno hili kwa utaratibu, na kila mtu alipime mwenyewe.

Kwanza, juu ya kupumzika.

Wako watu wema wadhanio ya kuwa kupumzika ni jina jingine la uvivu. Walilelewa na wazazi waliolima tangu alfajiri, nao wakimwona kijana ameketi bila jembe mioyo yao huumia. Mithali nayo yasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naam, mithali hii ni ya kweli. Lakini angalieni, hata mithali kali kama hii imemwachia mgeni siku mbili nzima. Haikusema apewe jembe mlangoni. Walioitunga walijua ya kuwa mtu aliyetoka mbali ana deni la usingizi, na deni hilo hulipwa kwanza.

Tena shamba lenyewe latufundisha. Wakulima wa mteremko wa Meru wajua ya kuwa ardhi ipandwayo mahindi mwaka hata mwaka, bila kupumzishwa wala kupewa samadi, huchoka, na mkulima aidharauye huvuna mabua. Na amri ya siku ya saba, kama wanafunzi wa kipaimara wajuavyo, haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mtumishi wake, na mgeni aliye kwake, hata mnyama wake wa kazi. Hili ni neno kubwa. Pumziko halikutolewa kuwa zawadi ya matajiri, bali lilitolewa kwa kila mwenye pumzi.

Mataifa yalichelewa kulikubali neno hili. Zamani katika viwanda vya Ulaya mfanyakazi aliyekosa siku moja alikosa na ujira wake. Mwaka 1936 ndipo Shirika la Kazi la mataifa lilipopatana juu ya mapumziko ya kila mwaka yenye mshahara, na mwaka huo huo Ufaransa ikatunga sheria ya kuwapa wafanyakazi wake majuma mawili. Mwaka 1948 Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu likataja pumziko kuwa haki ya kila mtu. Na kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 28 za likizo katika mwaka, na kila juma saa 24 za kupumzika. Basi mwalimu au mwuguzi apandaye basi Arusha, akapita Moshi na Korogwe na Chalinze hata Dar es Salaam, akavuka bahari kwa boti ya mwendo wa saa mbili hivi hata Unguja, hakuiba kitu cha mtu. Atumia haki yake, wala asitazamwe kwa jicho la husuda.

Kwa hiyo swali gumu si hili, "Je, nipumzike?" Swali gumu ni hili, "Nipumzikapo, ni nani afanyaye kazi ili nipumzike, naye amelipwa nini?" Maana hakuna pumziko lisilobebwa na mtu. Jamaa waendapo safari, yuko aliyebaki kukamua ng'ombe. Mgeni alalapo hotelini hata jua limepanda, yuko aliyeamka usiku kuwasha moto na kufua mashuka. Hili lenyewe si kosa, maana ndivyo tuishivyo, kila mtu humbeba mwenzake kwa zamu. Kosa huanza pale abebwaye asipotaka kujua ya kuwa amebebwa.

Pili, juu ya kufuma.

Tuitazame kazi yenyewe, maana wengi huiona kila siku wasiijue. Nasema habari ya kufuma kwa sindano moja yenye kulabu nchani, ambako siku hizi wengi hukuita kroshia. Mfumaji huupitisha uzi katika kitanzi kimoja, akapata kitanzi kingine, akaupitisha tena. Kila kitanzi hukamilishwa kabla ya kuanza kingine. Kufuma kwa sindano mbili, ambako twapata sweta na soksi, ni kazi nyingine, kwa kuwa vitanzi vingi hukaa pamoja juu ya sindano. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini imezaa jambo kubwa. Mwaka 1589 mtu mmoja wa Uingereza, jina lake William Lee, aliunda mashine ya kufuma soksi. Yasimuliwa ya kuwa Malkia Elizabeth alikataa kumpa hati ya kuilinda mashine ile, akiwahofia maskini waliokula kwa sindano zao. Hata hivyo mashine ilishinda, na leo sweta nyingi tuvaazo wakati wa baridi ya Juni na Julai zimefumwa viwandani.

Lakini kroshia haikukubali kufugwa hivyo. Wako wataalamu walioonyesha mashine za majaribio, ila viwanda havifumi kroshia halisi kwa ajili ya maduka. Hufuma kitambaa cha kuiga tu, kifananacho nayo kwa mbali. Maana yake ni nini? Ni hii: ukikuta dukani kitambaa cha kroshia halisi, iwe Arusha au London, hata kama chauzwa rahisi kuliko chupa ya soda, yuko mtu aliyekifuma kitanzi kwa kitanzi kwa vidole vyake. Wazee wa pwani husema, Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nasi twaweza kuongeza ya kuwa bei ikiwa ndogo, saa za yule mfumaji hazikupungua. Kilichopungua ni malipo yake.

Tena sindano hii ndogo imekwisha kuokoa watu. Katika nchi ya Ireland ugonjwa uliharibu viazi tangu mwaka 1845, watu wengi mno wakafa kwa njaa, na wengine wengi wakahama. Ndipo masista na mabibi wengine walipowafundisha wasichana na akina mama kufuma kroshia nzuri kwa uzi mwembamba, nayo ikauzwa Uingereza na nchi nyingine, na ujira wake ukaleta chakula katika nyumba zisizokuwa na kitu. Watoto wetu wa Shule ya Jumapili nao wajua habari ya Dorkasi wa Yafa: alipokufa, wajane hawakutaja mali aliyoiacha, bali walizionyesha nguo ambazo mikono yake ilizishona.

Basi huku kwetu Olmotonyi mama hufuma akingoja maharagwe yaive, au akingoja zamu yake zahanati, au jioni watoto wakiisha kulala. Hufuma vitambaa vya makochi na vya meza, na kofia za watoto wachanga. Na kwa kuwa hufuma ameketi, tena akicheka na wenzake, watu husema, "Anapitisha wakati tu." Hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa. Tumedhani ya kuwa kazi ifanywayo kwa furaha si kazi, na ya kuwa saa isiyotoa jasho si saa. Seremala apigapo randa twaona kazi. Mama apitishapo sindano twaona mapumziko. Kisha mama atakapotaja bei, twashangaa, kana kwamba ametuuzia mchezo wake.

Sisi tukaao karibu na Chuo cha Misitu haifai tuwe wageni wa neno hili. Msonobari upandwao katika mashamba ya miti hungoja miaka mingi kabla ya kukatwa kwa mbao. Je, yuko mtu awezaye kumwambia mwenye msitu, "Umeukata mti huu kwa nusu saa tu, kwa hiyo nitakulipa ujira wa nusu saa"? Watu wangemcheka. Kila mtu ajua ya kuwa katika gogo lile mna miaka ya kupalilia, na kupogoa, na kulinda moto. Lakini jambo tulionalo waziwazi katika gogo hatulioni katika kitambaa.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme mama afuma kitambaa kimoja kikubwa kwa saa 12, yaani saa tatu kila jioni kwa siku nne. Uzi ameununua kwa shilingi 6,000. Akiuza kitambaa kwa shilingi 15,000, ujira wake ni shilingi 9,000, ndiyo kusema shilingi 750 kwa saa moja. Sasa aja mnunuzi, naye kwa maneno matamu apunguziwa shilingi 5,000. Mnunuzi aondoka akisema, "Nimepunguziwa theluthi tu." Lakini sivyo. Mwenye duka la uzi hakurudisha hata senti moja. Zile 5,000 zote zimetoka katika ujira wa mama, naye amebaki na shilingi 4,000 kwa saa 12, yaani hazitimii shilingi 340 kwa saa. Theluthi ya bei imekula zaidi ya nusu ya ujira. Basi kila tupunguziwapo bei ya kazi ya mikono, tukumbuke ya kuwa hatupunguziwi uzi. Twapunguziwa mtu.

Tatu, juu ya safari ya kisiwani.

Sasa na tuvuke bahari, maana huko maswali yetu mawili hukutana mahali pamoja: yuko mtu aliyekuja kupumzika, na mbele yake yuko mtu auzaye kazi ya mikono.

Unguja na Pemba ni visiwa vya mikono yenye ustadi. Wako mafundi wa kofia za viua, ambazo hushonwa kwa sindano, tundu kwa tundu, na kofia moja nzuri huchukua majuma mengi, pengine miezi. Waomani nao huvaa kofia ya namna hiyo, waiitayo kumma, maana pwani hizi mbili zimejuana tangu zamani. Wako wanawake wasukao ukili kwa majani ya mkindu: majani hukatwa, huanikwa, huchanwa, hupikwa pamoja na rangi, husukwa kuwa ukanda mrefu, kisha kanda zile hushonwa pamoja mpaka zimekuwa mkeka. Tena kule Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, wanawake wamelima mwani tangu mwaka 1989, ambao hupelekwa nchi za mbali, na utomvu wake hutiwa katika vyakula na dawa za meno. Maji yakipwa huingia baharini, wakainama na kufunga mbegu kwenye kamba, jua likiwa juu ya migongo yao. Na miaka hii bahari imezidi joto, hata mwani wa namna ile yenye bei nzuri umekuwa hauoti vema kama zamani. Saa ile ile msafiri hupita karibu, miguu mitupu, akistarehe kwa upepo. Bahari ni moja. Kwa huyu ni pumziko, kwa yule ni shamba.

Tuseme basi msafiri wa kutoka kwetu yuko katika kijiji cha kusini mwa Unguja, amemkuta bibi mmoja ameketi barazani na mkeka wa rangi mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Mkeka huu kiasi gani?"

"Elfu hamsini, mwanangu."

"Ah, bibi wangu! Nipunguzie. Sisi ni ndugu zako, tumetoka Arusha, si watalii wa Ulaya. Nikupe ishirini."

Hapana neno baya hapa. Salamu zimetolewa kwa adabu, na kupatana bei ni desturi yetu sote, bara na pwani. Lakini tulipime lile neno "ndugu". Msafiri hakulitaja njiani, wala hakulitaja alipolipa chumba chake hotelini. Amelitaja sasa tu, ili bei ishuke. Mbona undugu ukifika sokoni huenda upande mmoja, upande wa mnunuzi? Ndugu wa kweli angeuliza kwanza, "Bibi, umeusuka siku ngapi?" Na akisikia ya kuwa ni majuma matatu, angeona haya kutaja ishirini. Wenzetu wa kisiwani wengi ni Waislamu, nasi ni Wakristo, lakini njaa na ada za shule hazina dini. Undugu wa jirani hutazama pande zote mbili, au si undugu.

Msafiri aendaye Mji Mkongwe huonyeshwa kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulikaa visiwani hata mwaka 1897, ndipo sheria ilipoacha kuutambua. Sisemi ya kuwa kumpunja bibi bei ya mkeka ni sawa na utumwa. Hasha! Kusema hivyo ni kuwadharau walioteswa. Nasema neno hili tu: karafuu za mashamba yale zilinukia vizuri katika nyumba za mbali, na wengi waliozifurahia walikuwa watu wapole, wenye adabu, ambao hawakuuliza ni mikono ya nani iliyozichuma. Yatosha kutouliza, na dhuluma yaweza kukaa miaka mingi katikati ya watu wapole.

Sasa najua wako watakaonijibu, na majibu yao si ya kipumbavu. Tuyasikilize.

Mmoja husema, "Bei ni mapatano. Bibi amekubali, hakulazimishwa na mtu." Nami nasema, mapatano ni mapatano pale ambapo kila mmoja aweza kuondoka salama. Mnunuzi akiondoka amekosa mkeka tu. Muuzaji akiondoka pengine amekosa unga wa jioni. Katika mapatano ya namna hii njaa ndiyo ipatanayo, si bibi.

Wa pili husema, "Mimi nami si tajiri. Nimeweka akiba mwaka mzima ili nifike hapa." Neno hili ni la kweli kwa wengi wetu. Lakini asiyeweza kulipa hana lazima ya kununua. Ausifu mkeka, amshukuru bibi kwa mazungumzo, aende zake kwa amani. Hapo hakumdhulumu mtu. Ubaya ni kukitaka kitu usitake gharama yake.

Wa tatu husema, "Nikilipa zaidi ni sadaka, nami sitaki kumfanya mtu mzima kuwa ombaomba." Vema, wala tusimfanye hivyo. Lakini ujira si sadaka. Nimesikia habari za watu wapatanao mpaka bei imefika chini kabisa, kisha wakiisha kushinda humpa muuzaji noti ndogo juu yake, naye huwashukuru sana. Watu hawa wamemnyima haki yake, wakampa fadhili mahali pake, nao huenda zao wakijiona wakarimu. Mlipe mtu ujira wake kwanza. Sadaka yako itafuata ikipenda.

Wa nne husema, "Ziko kofia za mashine, nazo ni rahisi. Je, nikizinunua nakosa?" La, hukosi. Mashine imewavika nguo maskini wengi ambao zamani walivaa matambara, nasi tusiitukane. Ila usiichukue bei ya mashine ukampimia nayo fundi wa mkono, ukimwambia, "Mbona kule naipata kwa elfu tano?" Ukitaka ya elfu tano, iko kule. Ukitaka hii, hii ina miezi ya mtu ndani yake.

Nne, tujitazame sisi wenyewe kama wenyeji.

Si lazima tuvuke bahari ili kulielewa neno hili, maana kwetu nako ni mahali pa mapumziko ya wengine. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuupanda Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, na Kilimanjaro, jirani yake. Mlima ambao kwao ni likizo, kwa vijana wetu ni mizigo kichwani na mgongoni. Mama wa Kimaasai auzaye shanga mjini Arusha naye husikia kila siku maneno yale yale ya "nipunguzie". Je, sisi twataka mpagazi wetu alipweje? Twataka mgeni amwone, ajue jina lake, amlipe kabla ya kushuka furaha yake. Twataka ushanga wa mama ule uulizwe siku zake. Basi tuyatakayo kwa wageni wa mlimani, tuyafanye tuwapo wageni wa baharini. Hapana mizani iliyo rahisi kuliko hii.

Lakini haki haina upande mmoja. Mwenye kuuza naye ana wajibu wake. Asimwonyeshe mgeni kofia ya kiwanda akiapa ya kuwa ni ya mkono. Asitaje bei mara tatu kwa kuwa mgeni ni mweupe au ametoka mbali. Asifume vitanzi vilegevu ili amalize upesi, maana kazi ya mkono huaminiwa kwa ajili ya mkono. Muuzaji mmoja mwongo huwafundisha wanunuzi mia kushuku, na wafumaji wakweli hulipa deni lake.

Tano, turudi nyumbani, maana hapo ndipo neno hili huuma.

Jamaa husema, "Tumekwenda kupumzika." Haya, tuhesabu waliopumzika. Baba amepumzika. Watoto wameogelea. Na mama? Wengi hupanga nyumba kisiwani ili kuokoa gharama ya hoteli, na mama huamka kuwapikia chai, na mchana, na usiku, kama alivyofanya Olmotonyi. Yeye hakupumzika, amebadilisha jiko tu. Wala tusiseme, "Lakini alikuwa akifuma jioni," kana kwamba hilo ni pumziko lake, kisha kitambaa kile kikatandikwa sebuleni bila mtu kuuliza saa zake.

Tena yuko msichana wa kazi. Bwana na bibi wamepewa na sheria siku 28, nao wazitumia. Msichana aliyebaki akilinda nyumba na kuku na ng'ombe ni mfanyakazi mbele ya sheria ile ile, na likizo ni yake kama ilivyo yao. Amepumzika lini? Wako wamwambiao, "Sisi tukiwa safarini wewe umepumzika." Wapendwa, huku si kupumzika, bali ni kuachwa. Aliyepumzika ni yule ambaye mzigo wake umechukuliwa na mwingine, naye akaenda kuwaona wazazi wake, ujira wake ukiwa mkononi.

Basi natoa mashauri machache, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, tuwapo sokoni au kisiwani, kabla ya kuuliza bei ya kazi ya mikono tuulize imechukua siku ngapi. Swali hili humheshimu fundi, tena hutufungua macho.

La pili, kila chama cha akina mama wafumao kiwe na daftari. Aandike kila mmoja gharama ya uzi na saa alizofuma, ili bei iwe na shahidi, wala mama asione haya kuitaja. Aliyeandika saa zake huwa hazitupi ovyo.

La tatu, sisi tulio wa usharika mmoja tuwe wa kwanza kulipa bei ya daftari. Ni aibu mgeni wa Ulaya amlipe mama wa kwetu vizuri, na mzee wa kanisa ampunguzie.

La nne, apangaye safari ya likizo ahesabu tangu mwanzo pumziko la wale wambebao: mama wa nyumba, na msichana wa kazi, na mchunga ng'ombe. Safari isiyoweza kulipa hayo ifupishwe siku moja au mbili, hata itoshe.

Na walimu wa sharika watakaolisoma jambo hili pamoja na watu wao, wasianze na habari za Unguja. Waanze na swali moja katika kila nyumba: "Hapa kwenu, ni nani ambaye hajapumzika tangu mwaka jana?" Nao wangoje, hata jina lake litajwe.